Mama Maabara Anajibu: Nikeli kwenye Kiti cha Platinamu

Mwezi uliopita niliandika aya mbili tu kuhusu unga wa manjano, naitraidi ya kaboni, ambao ukiutia majini na kuumulika hutoa haidrojeni. Aya hizo zimeniletea barua nyingi kuliko makala yangu ya sabuni ya magadi niliyoihangaikia wiki tatu. Sawa, sikasiriki. Nimechagua barua sita na kuzifupisha, isipokuwa ile iliyonigombeza. Hiyo nimeiacha na ukali wake.

*Shikamoo Mama Maabara. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Natengeneza vijikaratasi vya nano vya naitraidi ya kaboni kutokana na yurea, kisha napachika haidroksaidi ya nikeli juu yake. Msimamizi wangu ameniuliza: kama anayekamata mwanga ni huo unga, nikeli ina kazi gani? Nikamjibu "inaongeza kasi", akaniambia nikajipange. Halafu jambo la pili: nimepata haidrojeni mara mbili ya sampuli yangu ya platinamu. Nifurahi?* — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Furaha itie mfukoni kwanza, tutairudia.

Kwa kuwa uko Dar, nenda Feri alfajiri ukatazame mashua zikiingia. Samaki aliyevuliwa mbali anaweza kuharibika kabla hajaona nchi kavu. Na hata akifika mzima, kama ufukweni hakuna mnunuzi mwenye mizani, ataozea pale pale mchangani. Elektroni zako zina mashaka hayo yote mawili, na wewe umeyatibu kwa dawa mbili tofauti. Msimamizi anataka kusikia kwamba unazijua zote mbili, na kwamba hujazichanganya.

Mwanga ukiupiga unga, elektroni inaruka na kuacha tundu nyuma yake. Elektroni na tundu hutafutana. Zikikutana, mwanga wote uliotumika unaishia kuwa joto, nawe hujapata kitu. Sasa kumbuka unga ulivyo ukitoka tanurini: matabaka yamelaliana kama chapati kwenye hotpoti. Elektroni iliyozaliwa chapati ya katikati ina safari ndefu ya kutoka nje, na njiani mna matundu kibao yanayoisubiri. Ukiupasha unga mara ya pili kwenye nyuzi 500 hivi, pakiwa na hewa, au ukiutikisa majini kwa mawimbi ya sauti mpaka maji yawe kama maziwa, matabaka yanachambuka. Kijikaratasi chenye unene wa nanomita mbili hakina "katikati" ya kuogopa, maana kila mahali ni karibu na nje. Hiyo ni dawa ya kwanza: umeivuta bahari karibu na ufukwe.

Nikeli ni mnunuzi. Naitraidi ya kaboni tupu, hata iwe nyembamba namna gani, karibu haitoi haidrojeni. Elektroni zinafika juu na kukosa pa kufanyia biashara. Ili gesi itoke, atomu mbili za haidrojeni lazima zishikwe mahali, zikutane, kisha ziachiwe. Mahali penyewe pakizishika kwa ulegevu, hazikai. Pakizishika kama gundi, haziondoki. Platinamu inazishika kwa kadiri inayofaa hasa, ndiyo maana kila mtu huanza nayo. Nikeli inazishika kwa nguvu zaidi kidogo, kwa hiyo iko nyuma yake, lakini nikeli huuzwa kwa tani na platinamu kwa aunzi. Basi mwambie msimamizi hivi: unga unakamata mwanga, wembamba unazifikisha elektroni, nikeli inazipokea na kuzioza na haidrojeni ya majini. Kuozana kwa ndoa, siyo kwa samaki.

Kuna jambo ambalo huenda akakuuliza juu ya hapo, nalo ndilo tamu. Je, mnunuzi ni haidroksaidi yenyewe? Elektroni za naitraidi ya kaboni zimekaa kwenye volti kama hasi 1.1, na nikeli huhitaji hasi 0.23 tu ili igeuke kutoka ayoni, yaani atomu yenye chaji, kuwa metali. Kwa hiyo ukiwasha taa, elektroni za mwanzo zinageuza sehemu ya haidroksaidi kuwa chembe za nikeli, na chembe hizo ndizo zinazokalia kiti. Mimi niliona kwa macho. Chombo kilichoanza na manjano iliyopauka, baada ya nusu saa ya taa kikaingia ukijivu. Nilipofungua na hewa ikaingia, ukijivu ukaanza kutoka. Ukipima unga wako baada ya kuuanika mezani usiku kucha, basi hupimi kile kilichokuwa kikifanya kazi. Liandike hilo kwenye tasnifu kabla hujaulizwa.

Sasa furaha yako. Mwaka 2013 watafiti wa Wuhan walitoa ripoti ya kazi inayofanana na yako: naitraidi ya kaboni na haidroksaidi ya nikeli, nusu moli tu kwa kila moli mia (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe). Walipata mikromoli 7.6 kwa saa, na sampuli yao nzuri ya platinamu ikatoa 8.2. Zilikaribiana, na ilikuwa habari kubwa. Ziweke hizo 7.6 kwenye bomba la sindano uone: hazifiki hata robo ya mililita kwa saa, ni ujazo wa matone manne hivi. Wewe unasema umeizidi platinamu mara mbili. Inawezekana. Lakini mara nyingi nikisikia hivyo, ama platinamu ilipachikwa vibaya, ama kuna platinamu mahali ambapo mwenyewe hajui.

Nakuambia kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa China kwa masomo, mgeni, nina hamu ya kuonekana. Nilipika yurea yangu kwenye bakuli la kauri lenye kifuniko, nyuzi 550. Harufu ya amonia ilinitoa machozi siku ya kwanza kwa sababu sikuifunga vizuri kabati ya moshi, na katika gramu kumi za yurea nikapata keki ya manjano ambayo haikufika hata gramu moja, nyepesi kama pamba. Nikaichambua, nikaichanganya na naitreti ya nikeli, nikadondosha magadi makali tone kwa tone. Nikaiweka chini ya taa ya zenoni ya wati 300, na kichujio cha kuzuia kila mwanga wenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 420. Kila nusu saa navuta gesi kwa sindano na kuiingiza kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha gesi na kuchora kilele kwa kila moja. Kile kilele cha haidrojeni kilikuwa kirefu, jamani! Wiki nzima kilikuja vile vile. Nikampigia mama yangu Tanga, nikamwambia nimevumbua kitu. Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Wiki ya pili mtu akachukua sumaku yangu ya kukorogea. Si mnaijua, kile kipande cheupe kama kidonge kirefu kinachozunguka chini ya chombo. Nikatoa mpya kwenye pakiti. Haidrojeni ikaanguka, ikabaki kama thuluthi moja. Nikatengeneza unga upya mara mbili, nikabadilisha mpira wa kuziba chombo, nikaisingizia taa. Siku ya nne ndipo nikaikuta ile sumaku ya zamani kwenye droo ya mwenzangu, nikaitazama dirishani: ina mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo mna weusi. Ilikuwa ya mtu wa platinamu kabla yangu. Nikafanya jaribio ambalo lingenichukua saa mbili tu siku ya kwanza: unga mtupu, bila nikeli, pamoja na sumaku ile. Haidrojeni ikatoka. Nikeli yangu ilikuwa inafanya kazi, lakini sifa nyingi hazikuwa zake. Nililoweka sumaku kwenye maji ya mfalme, ule mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu, weusi ukapungua lakini haukuisha. Nikaitupa. Tangu hapo, nikeli ina sumaku zake na platinamu ina zake, na nimeziandika kwa rangi ya kucha.

Kwa hiyo kabla hujafurahi: sumaku mpya, chombo ambacho hakijawahi kuona platinamu, jaribio la unga mtupu, jaribio la gizani, na jaribio la nikeli bila unga. Kisha uitengeneze platinamu upya kwa uangalifu ule ule unaompa mtoto wako wa nikeli. Mara mbili ikibaki mara mbili, nipigie simu tushangilie.

Na tafadhali, ile tabia ya kutumia miligramu 10 za unga, ukapata tokeo dogo, ukalizidisha kwa mia uandike "kwa gramu"! Unga ni kama nguo kwenye kamba: zikipandana, za chini hazipati jua. Gramu nzima kwenye chombo kile kile haitakupa mara mia. Andika ulichopima kwenye chombo, sema ulitia unga kiasi gani, na kama una kipima mwanga, toa asilimia ya fotoni, yaani chembe za mwanga, za rangi moja zilizogeuka haidrojeni. Wale wa Wuhan waliandika asilimia 1.1 kwenye nanomita 420, na hawakuona haya.

*Mama Maabara, mimi ni mfamasia mstaafu, nimezaliwa Unguja, naishi Maskati. Uliandika kwamba unga "unapasua maji kwa jua". Mjukuu wangu anasomea mambo hayo, akanionyesha: ndani ya chombo mna trietanolamini, sehemu kumi kwa mia! Hiyo naijua, tukiitia kwenye krimu. Sasa kinachopasuka ni maji au ni krimu? Bibi, usitufiche.* — Bi Mfamasia

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenishika, na sina pa kukimbilia. Nilifupisha mpaka nikasema uongo.

Elektroni zikitoka kuleta haidrojeni, matundu yanabaki nyuma na njaa yake. Kwenye kupasua maji kwa kweli, matundu yale hula maji na kutoa oksijeni, kazi nzito inayohitaji elektroni nne kwa kila molekuli moja ya oksijeni. Naitraidi ya kaboni haiiwezi vizuri. Basi tunatia kitu chepesi kuliwa: trietanolamini, methanoli, asidi ya laktiki. Matundu yanakula hicho, elektroni zinapumua, haidrojeni inatoka kwa wingi. Oksijeni haitoki kabisa. Mimi huiita kafara, maana inachinjwa ili wengine wapite. Na kafara hii inatengenezwa kiwandani, tena kutokana na gesi na mafuta, kwa hiyo ukiihesabu bei yake, haidrojeni yetu ni ghali kuliko marashi.

Jaribio la kafara si la bure. Linakuonyesha kama upande wa haidrojeni, yaani upande wa nikeli, unafanya kazi. Ila ni nusu ya kazi, na aliye mkweli huiita nusu. Anayedai amepasua maji atuonyeshe gesi mbili: haidrojeni mbili kwa oksijeni moja, saa baada ya saa.

Ili usidhani nikeli haijawahi kufanya kazi nzima: ilishafanya. Wajapani walipachika oksidi ya nikeli kwenye titaneti ya stronti tangu 1980, ikatoa gesi zote mbili kwenye maji. Mwaka 2003 kikundi cha Akihiko Kudo kikaipachika kwenye tantaleti ya sodiamu iliyotiwa lanthanamu, na fotoni 56 katika kila mia zikafanya kazi. Bila krimu, Bibi. Lakini mwanga wenyewe ulikuwa wa nanomita 270, urujuanimno mkali ambao jua halitufikishii, maana anga ya juu inauzuia. Ndiyo sababu watu wakauhamia unga wa manjano, hasa baada ya Xinchen Wang na wenzake kuonyesha mwaka 2009 kwamba unakubali mwanga unaoonekana. Unga ni wa bei nafuu, yurea iko kila duka la pembejeo, na unakunywa jua mpaka kwenye rangi ya buluu. Tukapata jua, tukapoteza oksijeni. Biashara hiyo mpaka leo haijasawazika.

*Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa sola. Sielewi kelele hizi. Paneli ipo, umeme upo, maji yapo. Si nitumie umeme kutoa haidrojeni, niachane na unga?* — Fundi, Mombasa

Fundi, tufanye hesabu kama tunavyomfanyia mteja. Chukua mita moja ya mraba inayopata yuniti 5 za jua kwa siku. Paneli yako ya asilimia 20 inakupa yuniti moja ya umeme. Kilo moja ya haidrojeni kwa mashine ya kupasua maji inakula yuniti 50 hadi 55, kwa hiyo mita yako itakupa gramu 18 hadi 20 hivi.

Upande wa unga, jaribio kubwa ninaloliheshimu ni la kikundi cha Kazunari Domen, Japani. Walitandaza paneli za unga zenye eneo la mita za mraba 100, maji ya kweli, bila kafara, wakaziacha nje kwa miezi, na wakatangaza mwaka 2021. Siku nzuri kabisa, jua lililogeuka haidrojeni lilikuwa asilimia 0.76. Kwenye mita yetu hiyo ni gramu moja na kidogo kwa siku. Nishati yake haitoshi kuchemsha birika la lita moja. Na kumbuka, hawakutumia nikeli. Walitumia rodi, metali adimu ya jamii ya platinamu, yenye koti la oksidi ya kromiamu kwa upande wa haidrojeni, na rodi ni ghali kwelikweli.

Kwa hiyo leo umeshinda wewe, tena mara kumi na tano na zaidi. Wanaoendelea na unga wana hoja moja: paneli yao haina waya, haina inveta, haina silikoni iliyosafishwa. Ni unga uliopakwa kwenye kioo, maji yanapita juu yake. Ikifika asilimia 5 au 10 kwa bei ya rangi ya ukutani, mazungumzo yatakuwa mengine. Haijafika, wala sikuambii itafika lini.

Kitu kimoja kitakuchekesha. Mashine za zamani za kupasua maji zinazotumia maji ya alikali zina elektrodi za nikeli. Nikeli imekuwa ikitoa haidrojeni viwandani tangu babu zetu, kwa umeme. Sisi wa unga tunajaribu kuifundisha kazi yake ya zamani kwenye kiti kidogo zaidi.

*Mheshimiwa Mama Maabara, nafundisha sekondari Ngara. Wanafunzi wanauliza kama nikeli ya hapa kwetu Kabanga ndiyo itakayotoa haidrojeni hiyo, na kama bei itapanda.* — Mwalimu, Kagera

Mwalimu, wape hesabu hii ubaoni. Gramu moja ya unga wa yule mwanafunzi wa Dar, kwa nusu moli katika mia, inahitaji miligramu 3 na kidogo za nikeli. Kilo moja ya nikeli inatosha zaidi ya kilo 300 za unga. Utamu wa kichocheo-saidizi, yaani mnunuzi wetu nikeli, ni kwamba hakihitajiki kwa wingi, na ukizidisha kinaukinga unga usipate mwanga, haidrojeni inashuka. Nikeli ya Kabanga inasubiriwa na watu wa betri na wa chuma kisichoshika kutu. Vivyo hivyo ile ya Musongati, kwa jirani zenu wa Burundi.

Wakikuuliza kama wanaweza kusaga jiwe na kulitia moja kwa moja, jibu ni hapana. Jiwe la Kabanga ni salfaidi yenye chuma, shaba na kobalti ndani yake. Kitakachotokea hutajua amekifanya nani.

*Mambo Mama. Niko Nairobi, nafanya research kama ya huyo wa Dar, but shida yangu ni tofauti. Mara ya kwanza catalyst inafanya poa. Ya pili inashuka. Ya tatu ni kama imekufa. Nikeli inaenda wapi?* — Mtafiti, Nairobi

Poa mwanangu, ingawa barua yako imenifanya nivae miwani.

Chuja unga, uyachukue maji yaliyobaki. Yatie matone machache ya amonia, kisha dimethiliglioksimu iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Kama nikeli imetoroka, utaona waridi ikitanda polepole kama maji ya rosela, halafu masimbi mekundu yatakaa chini. Mimi mara ya kwanza nilidhani nimechafua chombo. Nikakiosha, nikarudia, waridi ikarudi.

Trietanolamini yenyewe inapenda kuzishika ayoni za nikeli na kuziteka majini, hasa kila unapofungua chombo na hewa ikairudisha nikeli ya metali kuwa ayoni. Mzunguko mmoja mmoja unapoteza kidogo. Ukitaka tarakimu, waridi haitoshi. Omba nafasi kwenye mashine ya plazima upime nikeli iliyobaki kwenye unga na iliyoingia majini, na jumla yake ilingane na uliyoweka. Jaribu pia usifungue chombo kati ya mizunguko: toa gesi kwa kupitisha gesi ya agoni, uwashe taa tena. Kama kasi haishuki, mwizi wako ni hewa. Kama inashuka bado, pima kafara imebaki kiasi gani, maana nimeona watu wakiilaumu nikeli kumbe krimu ya Bi Mfamasia imeliwa yote. Wengine hukimbilia fosfaidi au salfaidi ya nikeli kwa kuwa hazitoki upesi. Ni njia nzuri, lakini salfaidi nayo inaweza kutoa harufu ya yai bovu, na harufu hiyo ni sumu, siyo karaha tu.

Maji yale ya waridi usiyamwage kwenye sinki. Misombo ya nikeli inawasha ngozi, na vumbi lake likivutwa kwa muda linasababisha saratani. Glavu, barakoa, na dumu la taka lenye lebo.

*Shikamoo Mama. Niko kidato cha pili Tanga. Nina yurea ya babu na chupa ya soda. Naweza kutengeneza haidrojeni nyumbani?* — Kijana, Tanga

Marahaba mjukuu wangu wa mtaani. Yurea ya babu iache kwenye gunia. Ukiipika inatoa amonia ya kukuunguza mapafu, na jiko la mkaa haliwezi kuishika nyuzi 550 bila kupanda na kushuka. Chupa ya soda ndiyo mbaya zaidi. Haidrojeni ikichanganyika na hewa, kuanzia sehemu 4 hadi 75 katika mia, inalipuka kwa cheche ndogo kuliko ya sweta ukilivua usiku, na moto wake mchana huuoni. Chombo cha kuifungia usikiguse.

Fanya hili badala yake, uwanjani, mwalimu wako wa kemia akiwa hapo. Bakuli la wazi la plastiki, maji, kijiko cha magadi ya kuokea. Usitie chumvi, itatoa klorini. Penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili, betri ya volti 9, waya mbili. Ncha za penseli ziingie majini zisigusane. Mapovu yataanza mara moja.

Upande wa hasi na upande wa chanya havitatoa mapovu sawa. Tazama dakika tano, uandike ni upande gani unazidi na kwa kiasi gani, unitumie. Na kama penseli ya upande mmoja itaanza kumomonyoka na kuyatia maji weusi, niambie pia ni ya upande upi.